Sauti Isiuawe, Itawanywe: Chumba cha Kusikilizia na Hesabu ya Mbao

Katika mji wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, nyumba zimebadilika sana katika muda wa kizazi kimoja. Kuta za fito na udongo zimeachia nafasi kuta za matofali ya kuchoma yaliyopigwa lipu. Mapaa ya nyasi yameachia nafasi mabati, na sakafu ya udongo imefunikwa kwa saruji. Mabadiliko haya ni ya maendeleo, wala hakuna awezaye kuyalaumu. Hata hivyo, yameleta tatizo moja ambalo ni nadra kutajwa, nalo ni kwamba chumba kipya huvuma. Redio ile ile iliyosikika vizuri katika nyumba ya zamani hutoa maneno yanayosongamana katika nyumba mpya, mithili ya watu wanaotoka kwa pamoja katika mlango mwembamba. Mwenye redio hudhani betri zimechakaa, basi huongeza sauti. Na kadiri anavyoiongeza ndivyo maneno yanavyozidi kupotea.

Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo kwa kutumia fizikia ya sekondari. Kisha yanaonyesha jinsi mwalimu na wanafunzi wake, wakisaidiwa na fundi seremala, wanavyoweza kutengeneza chombo cha mbao tutakachokiita kitawanya sauti. Chombo hiki hakina waya wala betri. Kinafanya kazi kwa nguvu ya hesabu peke yake.

Silabi moja yaweza kugeuza shauri

Pengine msomaji atauliza iwapo jambo hili lina uzito wowote, au ni anasa ya wapenda muziki. Na tukumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 taifa liliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, masomo yalitangazwa redioni na katika televisheni, na sebule za nyumba zikageuka madarasa. Mara zote hizo elimu ilitegemea chumba ambacho hakikujengwa kwa ajili ya kusikilizia.

Sasa na tuitazame lugha yetu. Takriban kila silabi ya Kiswahili humalizikia kwa irabu. Irabu zina nguvu nyingi, na mvumo wake hukawia chumbani. Konsonanti kama s, f, t na k ni dhaifu na za muda mfupi, lakini ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya maana. Irabu ya silabi iliyotangulia ikiwa bado inavuma, huifunika konsonanti ya silabi inayofuata. Mtangazaji akisema, “Dawa hii usimpe mtoto,” na silabi “si” ikamezwa na mvumo, msikilizaji atasikia, “Dawa hii umpe mtoto.” Vivyo hivyo “nitakuja” na “sitakuja” hutofautiana mwanzoni tu, na “anameza” na “atameza” hutofautiana kwa konsonanti moja. Kwa hiyo usikivu wa chumba waweza kuwa suala la afya, na kwa mwanafunzi ni suala la kufaulu au kushindwa.

Sauti inapogonga ukuta

Katika hewa yenye joto la sentigredi 30, ambalo ni la kawaida bondeni, sauti husafiri takriban meta 349 kwa sekunde. Ikigonga ukuta mgumu na laini, huakisiwa kama mwanga unavyoakisiwa na kioo, na ni sehemu ndogo mno inayopotea. Msikilizaji hupata kwanza sauti inayomjia moja kwa moja kutoka kwenye redio, halafu hupata sauti zilizoakisiwa na kuta, sakafu na dari.

Sauti zilizoakisiwa si adui zote. Zile zinazochelewa kwa muda usiozidi takriban sekunde 0.05 huungana masikioni na sauti ya kwanza na kuiongezea nguvu. Hilo ni jambo jema, hasa kwa redio ndogo. Matatizo ni ya namna mbili. La kwanza ni mvumo, yaani sauti inayoendelea kuzunguka chumbani baada ya chanzo chake kunyamaza. La pili ni mwangwi wa kupokezana baina ya kuta mbili zinazotazamana. Ikiwa kuta hizo zimeachana kwa meta 4, sauti huenda na kurudi, mwendo wa meta 8, mara 43 au 44 katika kila sekunde. Piga kofi moja katika chumba kitupu cha namna hiyo, nawe utasikia mtetemeko mkali kama wa ubawa wa mdudu.

Mtu wa kwanza kuupima mvumo kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo neno lililotamkwa liliendelea kusikika kwa takriban sekunde 5.5. Alifanya kazi usiku, kukiwa kimya, akitumia filimbi ya kinanda, saa, masikio yake, na mito ya viti iliyoletwa kutoka katika ukumbi wa jirani. Kila alipoongeza mito, mvumo ulipungua. Kutokana na vipimo hivyo alipata kanuni ambayo hata leo hutumika:

T = 0.161 × V ÷ A

Hapa T ni muda wa mvumo kwa sekunde, V ni ujazo wa chumba kwa meta za ujazo, na A ni jumla ya ufyonzaji kwa meta za mraba. Dirisha lililo wazi lenye eneo la meta mraba 1 huhesabiwa kuwa na ufyonzaji wa 1, kwa kuwa sauti itokayo hairudi.

Na tutumie kanuni hii katika sebule yenye urefu wa meta 5, upana wa meta 4 na kimo cha meta 2.7 hadi kwenye dari. Ujazo wake ni meta za ujazo 54. Jumla ya eneo la kuta, sakafu na dari ni meta mraba 88.6. Tukichukua kwamba nyuso hizo ngumu hufyonza asilimia 3 tu ya sauti, A itakuwa 2.66 na mvumo utadumu sekunde 3.3. Tukifungua madirisha mawili yenye meta mraba 1.5 kila moja, A itafika 5.66 na mvumo utashuka hadi sekunde 1.5. Wakiingia wasikilizaji 6, kila mmoja akifyonza kiasi cha 0.4, mvumo utakuwa takriban sekunde 1.1. Tukiongeza meta mraba 4 za magodoro ya sufi ukutani, yenye uwezo wa kufyonza asilimia 70, tutapata sekunde 0.8. Kwa maneno ya kusemwa, chumba cha ukubwa huu chafaa kuwa na mvumo wa kama nusu sekunde. Tumekaribia, lakini hatujafika.

Kufyonza peke yake hakutoshi

Mtu aweza kusema: basi na tufunike kuta zote kwa magodoro. Shauri hilo lina kasoro mbili. Kwanza, vitu laini hufyonza sauti nyembamba kuliko sauti nzito. Chumba kilichojazwa magodoro hubaki kizito na chenye ngurumo. Pili, tukifyonza kila kitu tutaziua pia zile sauti zilizoakisiwa mapema ambazo humsaidia msikilizaji. Redio ndogo itasikika kwa aliye karibu tu, na aliyekaa nyuma atatega sikio bila mafanikio.

Nyumba ya zamani haikuwa na kasoro hizo. Paa lake la nyasi lilifyonza sehemu ya sauti. Ukuta wa udongo haukuwa sawa kama kioo, bali ulikuwa na vilima na mabonde. Fito na makombamoyo yaliivunja sauti na kuitupa huku na huko. Kwa maneno mengine, nyumba ile ilifyonza kidogo na kutawanya kilichobaki.

Majengo mengine mashuhuri hufanya vivyo hivyo. Katika nyumba za mawe za Waswahili wa Lamu kuna kuta zenye zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu, na dari zake zina boriti za mikoko. Katika ukumbi wa muziki wa Musikverein mjini Vienna, uliofunguliwa mwaka 1870, kuna sanamu na nakshi nyingi kutani na darini. Waliojenga majengo hayo walitafuta uzuri wa macho, lakini sikio nalo lilipata fungu lake, kwa kuwa uso wenye kina mbalimbali huitawanya sauti. Swali la mwanasayansi ni hili: je, twaweza kukokotoa vina hivyo badala ya kubahatisha?

Namba tasa na mifereji ya mbao

Jibu lilitolewa na Manfred Schroeder, mwanafizikia Mjerumani aliyefanya kazi Marekani na katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba nadharia ya namba, tawi la hisabati ambalo wengi walidhani halina kazi nje ya vitabu, yaweza kuchora umbo la ukuta. Namba alizozitumia zilikwisha kuchunguzwa na Gauss katika kitabu chake cha mwaka 1801.

Utaratibu wake ni rahisi kwa mwanafunzi yeyote wa sekondari. Chagua namba tasa, kwa mfano 7. Chukua namba kuanzia 0 hadi 6 na utafute mraba wa kila moja: 0, 1, 4, 9, 16, 25, 36. Kisha gawanya kila mraba kwa 7 na uandike baki peke yake. Utapata:

0, 1, 4, 2, 2, 4, 1

Sasa tengeneza ubao wenye mifereji saba iliyosimama sambamba, na kina cha kila mfereji kiwiane na namba hizo. Wimbi linaloingia katika mfereji huenda hadi kwenye kitako, hugonga na kurudi. Lile lililoingia katika mfereji wa kina kirefu hutoka likiwa limechelewa kuliko lile la mfereji wa kina kifupi. Mawimbi hayo saba yanapokutana mbele ya ubao, mengine huimarishana na mengine hupunguzana, na matokeo yake ni kwamba sauti iliyokuja kutoka upande mmoja hugawanyika kuelekea pande kadhaa kwa nguvu zinazolingana. Ukuta mtupu huirudisha sauti kama ngumi. Ubao huu huirudisha kama vidole vilivyokunjuliwa.

Kina cha kila mfereji hupatikana kwa kuzidisha namba yake kwa urefu wa wimbi na kugawanya kwa 14, yaani mara mbili ya 7. Na tuchague sauti yenye mitetemo 700 kwa sekunde, ambayo imo katikati ya sauti za usemi. Urefu wa wimbi lake ni 349 ÷ 700, yaani takriban sentimeta 50. Kizio cha kina ni 50 ÷ 14, yaani sentimeta 3.57. Kwa hiyo vina vya mifereji, kwa sentimeta, ni hivi:

Mfereji wa 1: 0
Mfereji wa 2: 3.6
Mfereji wa 3: 14.3
Mfereji wa 4: 7.1
Mfereji wa 5: 7.1
Mfereji wa 6: 14.3
Mfereji wa 7: 3.6

Upana wa mfereji huamua mwisho wa kazi yake kwa upande wa sauti nyembamba. Upana ukiwa sentimeta 5, hesabu hii ni sahihi mpaka pale nusu ya wimbi inapolingana na upana huo, yaani mitetemo ipatayo 3,500 kwa sekunde. Kutoka 700 hadi 3,500 ni eneo kubwa la sauti ya mwanadamu anaposema.

Jinsi ya kutengeneza

Bonde la Kilombero halina uhaba wa mbao wala wa mafundi. Mbali na mvule na mninga wa misitu ya asili, misaji imepandwa kwa wingi huko tangu miaka ya 1990. Kwa kazi yetu hakuna haja ya kukata mti hata mmoja. Mabaki ya mbao katika karakana ya seremala yanatosha, pamoja na vipande vya plaiwudi.

Tayarisha ubao wa nyuma wa plaiwudi nene, urefu sentimeta 120 na upana sentimeta 40. Pasua viambaza vinane vya plaiwudi ya milimeta 6, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimeta 120 na upana wa sentimeta 14.3. Visimamishe juu ya ubao wa nyuma, ukiacha nafasi ya sentimeta 5 baina ya kimoja na kingine. Mifereji saba yenye sentimeta 35 na viambaza vinane vyenye sentimeta 4.8 vitakupa upana wa takriban sentimeta 40.

Vitako vya mifereji ni mbao nyembamba za upana wa sentimeta 5. Katika mfereji wa 3 na wa 6, ubao wa nyuma wenyewe ndio kitako. Katika mifereji mingine, inua kitako kwa vipande vya mbao mpaka kina, kikipimwa kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye uso wa kitako, kilingane na orodha yetu. Tumia gundi pamoja na misumari midogo, na uzibe kila upenyo. Kitako kilicholegea hutetemeka na kutoa mlio wake chenyewe. Viambaza navyo visiachwe kwa kisingizio cha kuokoa mbao, kwa maana ndivyo vinavyozuia wimbi la mfereji mmoja lisiingiliane na la jirani yake.

Asiyeweza kazi hiyo asikate tamaa. Rafu iliyojaa vitabu vya upana mbalimbali hutawanya sauti. Mianzi yenye unene tofauti, ikipasuliwa katikati na kupigiliwa ukutani ikiwa imetuna nje, nayo husaidia, ingawa hufanya kazi kwa sauti nyembamba tu, kwa sababu umbo dogo haliwezi kulitawanya wimbi refu.

Mahali pa kukiweka

Simamisha kitawanya sauti ili mifereji yake ielekee juu na chini. Hapo sauti itasambaa kushoto na kulia, ambako watu wameketi. Mahali pake hasa ni ukuta ulio nyuma ya wasikilizaji, kwenye kimo cha masikio, na wasikilizaji wakae angalau meta 1.5 mbele yake ili mawimbi yapate nafasi ya kuchanganyika. Kimoja husaidia kidogo. Viwili au vitatu vilivyopangwa pamoja huonyesha tofauti iliyo wazi. Ukuta unaotazamana nao uwekewe kitu laini, kama vile godoro la sufi au magunia yaliyojazwa maganda ya mpunga, ambayo hupatikana kwa urahisi penye mashine za kukoboa. Redio au spika isiwekwe pembeni kabisa mwa chumba, maana pembe huzidisha sauti nzito.

Tahadhari

Sufi hushika moto upesi, na maganda makavu ya mpunga nayo huweza kuungua. Visikaribiane na koroboi, mshumaa wala jiko. Acha nafasi baina ya mbao na sakafu ili mchwa wasijipenyeze bila kuonekana.

Jambo la tatu linahusu malaria. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa mwaka 1956, imeufanya mji huu ujulikane duniani kwa utafiti wa mbu. Utafiti huo umeonyesha kwamba Anopheles funestus, anayependa kupumzika ndani ya nyumba, ndiye mwenezaji mkuu wa malaria bondeni. Mifereji yenye giza yaweza kuwa kituo chake, hivyo ipakwe rangi nyeupe na isafishwe kwa ufagio mara kwa mara. Mbu huingia pia kupitia upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Upenyo huo usizibwe kwa mbao kwa nia ya kutengeneza sauti, bali uzibwe kwa wavu: mbu watazuiwa, hewa itapita, na sauti nayo itapata pa kutokea.

Yatupasa pia kuujua mpaka wa chombo hiki. Kelele ya mvua ya masika juu ya mabati haiwezi kutibiwa kwa kitawanya sauti, kwa sababu hicho ni chanzo kipya cha sauti, wala si mvumo. Dawa yake ni dari nzuri na kitu cha kuzuia mtetemo juu ya dari hiyo.

Jaribio la shule

Mwalimu aweza kulifanya somo hili kuwa utafiti halisi. Andaa orodha ya maneno 50 yanayokaribiana kwa sauti, kama vile paka, baka, taka, saka, waka, pata, bata, kata, faa, vaa. Changanya mpangilio wake. Mwanafunzi mmoja ayasome, au yarekodiwe katika simu ili sauti isibadilike, na wengine waketi katika safu mbalimbali na kuandika wanachosikia. Hesabu makosa ya kila safu katika chumba kitupu. Rudia kwa kuweka magodoro peke yake, halafu vitawanya sauti peke yake, halafu vyote pamoja, ukibadilisha mpangilio wa maneno kila mara. Chora grafu ya makosa dhidi ya umbali kutoka kwenye chanzo cha sauti. Wanafunzi wakokotoe mvumo kwa kanuni ya Sabine na kulinganisha hesabu na matokeo. Walio katika hisabati wajaribu namba tasa 11 au 13, waone jinsi mfuatano wa mabaki unavyojigeuza na kurudi kinyumenyume baada ya kufika katikati.

Katika jaribio hili namba tasa, urefu wa wimbi, msumeno na lugha yetu vimekutana katika chumba kimoja. Aliyeketi nyuma kabisa ndiye mwamuzi. Akiweza kutofautisha “umpe” na “usimpe” bila kuongezewa sauti, hesabu imefanya kazi yake.